Kabla ya Sindano

Kando ya barabara ya Embu kwenda Meru, daktari wa mifugo ni mtu wa ng'ombe. Mkazi wa Runyenjes, Chuka, Chogoria au Nkubu hahitaji kuelezwa hilo. Daktari anafika kwa pikipiki, buti za mpira miguuni na mkoba mgongoni, na kabla hajashuka vizuri amekwisha kuuliza maziwa yamepungua lita ngapi. Anapandisha ng'ombe kwa mrija, anatoa kondo la nyuma lililokwama, anatoboa tumbo lililojaa gesi, anakata pembe za ndama. Mbwa anaingia katika ziara hiyo mwishoni kabisa, daktari akiwa amekwisha kunawa mikono, pale mwenye boma anaposema: na huyu naye, daktari, hajala tangu juzi. Sindano inatoka mkobani, mbwa anakabwa shingo, anadungwa, pesa kidogo zinaongezwa juu ya zile za ng'ombe, na malipo yanatumwa kwa simu.

Hivyo ndivyo mbwa wangu wawili, Simba na Popi, walivyotibiwa tangu wakiwa watoto. Kisha pakafunguliwa kliniki mjini Embu, ya daktari kijana aliyeamua kuwashughulikia mbwa na paka zaidi ya mnyama mwingine yeyote, na nikaanza kujiuliza kama niwahamishie huko. Swali hilo limenikaa moyoni kwa muda mrefu. Ninaliandika kwa sababu najua liko katika nyumba nyingi za huku mlimani, ingawa halizungumzwi. Ukimwambia mtu kwamba huna usingizi kwa ajili ya daktari wa mbwa, atakuuliza kwanza kama watoto wako wamekula.

Lazima nianze na deni. Usiku mmoja wa mvua, watu waliotaka kuingia bomani walirusha nyama yenye sumu juu ya ua. Simba hakuila. Popi aliila. Tulimkuta akitetemeka mwili mzima, mate yakimtoka kama povu, mkojo ukimponyoka, mboni za macho zimesinyaa kuwa nukta. Nilimpigia daktari wetu simu saa nane usiku. Aliamka, akavuka bonde kwa pikipiki katika matope, akamtazama Popi kwa kurunzi, akatoa atropini mkobani akamdunga, akangoja, akamdunga tena. Kulipopambazuka Popi alisimama.

Alikuwa na atropini kwa sababu yeye ni daktari wa ng'ombe. Wafugaji huchanganya dawa ya kupe kali kupita kiasi, wananyunyizia ng'ombe, na ng'ombe anaanguka kwa dalili zile zile: mate, kutetemeka, mboni kusinyaa. Sumu nyingi wanazotumia wezi ni dawa za wadudu za jamaa hiyo au za jamaa inayofanana nayo, nayo atropini huzikabili. Kazi ya zizini ndiyo iliyomfundisha kumwokoa mbwa wangu. Mtu kama huyo unamwachaje?

Dada yangu mkubwa, anayeishi Makutano pale Meru mjini, alinijibu kwa ukali tulipozungumza kwa simu. "Ndugu yangu, mtu akiamka saa nane usiku kwa ajili yako humwachi. Na kesho ng'ombe wako akishindwa kuzaa, huyo msichana wa Embu atakuja na viatu vyake vyeupe?" Nilinyamaza, kwa sababu sehemu ya pili ya maneno yake ilikuwa ya haki. Daktari wa boma ni mmoja. Yeye ndiye anayejua ng'ombe gani alizaa kwa shida mwaka gani, na tunakaa naye katika kamati ile ile ya maji. Kumwondolea mbwa ni jambo atakaloliona, na boma lake liko kando ya njia ninayopita.

Lakini kulikuwa na Simba. Kwa muda usiopungua mwaka, Simba alikuwa akiugua kwa vipindi. Analala, hali, ana homa, ufizi unapauka, siku nyingine pua inatoka damu. Daktari anakuja, anamdunga dawa ya tetrasaiklini ile inayokaa mwilini muda mrefu, pamoja na vitamini. Siku mbili tatu Simba ananyanyuka, anakula, anabweka. Tunamshukuru daktari. Baada ya majuma kadhaa Simba analala tena. Tukamwita, akaja, akadunga, Simba akanyanyuka. Kila mara tulihesabu kupona kwake, wala hatukuhesabu kuanguka kwake. Mimi na daktari tuliridhika. Aliyekuwa akikonda ni yule asiyeweza kusema.

Hapo ndipo nilipoanza kutenganisha mambo mawili ambayo dada yangu aliyafunga fundo moja. Shukrani ya usiku ule ni yangu. Mimi ndiye niliyeamsha mtu, akaniokolea mnyama wangu, na ni haki nimlipe kwa heshima, kwa kumwita tena, kwa kumtetea akisemwa vibaya sokoni. Ila nikimwachia Simba aendelee kudungwa kwa kubahatisha ili mimi nisionekane mtu asiye na fadhila, basi deni langu linalipwa na mwili wa mwingine ambaye hakuwa na neno katika makubaliano hayo. Mgonjwa wa binadamu anaweza kumwambia daktari kwamba dawa haisaidii. Mbwa ana shahidi mmoja tu, naye ni mwenye boma, na shahidi huyo anakunywa chai na daktari.

Sitaki mtu aelewe kwamba namlaumu mzee yule, daktari wetu wa boma. Ukitazama udaktari huu ulikotoka, utashangaa kwamba mbwa hupata hata hiyo sindano ya mwisho. Shule ya kwanza ya udaktari wa mifugo katika Ulaya ilianzishwa Lyon, Ufaransa, mwaka 1761, wakati tauni za ng'ombe zilipokuwa zikiangamiza mali ya wakulima, na mwanzilishi wake, Claude Bourgelat, alikuwa mtu wa farasi. Kwetu nako sotoka ya miaka ya 1890 ilifyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki, watu wakafa njaa nyuma ya mifugo yao. Maabara ya Kabete, na baadaye Muguga ambako Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo ya sotoka iliyokuja kutumika duniani, zilijengwa kwa ajili ya ng'ombe. Kazi hiyo ilifanikiwa mno: mwaka 2011 dunia ilitangaziwa kwamba sotoka imekwisha kabisa. Katika historia hiyo yote, mbwa anaonekana kama hatari. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1912, katika mbwa, pembezoni mwa Nairobi, na tangu hapo serikali ilimwendea mbwa na chanjo katika mkono mmoja na bunduki katika mwingine.

Kisha kuna jambo la pesa. Zamani daktari wa mifugo alikuwa mtu wa serikali. Mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali iliacha kuwaajiri moja kwa moja wahitimu wote wa udaktari wa mifugo wa Kabete, na miaka iliyofuata huduma nyingi zikaachiwa watu binafsi. Majosho mengi yalikauka. Aliyetaka kuishi kwa taaluma yake alilazimika kumfuata mnyama anayelipa. Katika mashamba ya ekari moja au mbili ya Embu na Meru, penye kahawa, majani ya chai na ng'ombe mmoja wa kulishwa bandani, anayelipa ni ng'ombe, kwa sababu maziwa yake huenda kila asubuhi kwenye chama cha ushirika na yana hesabu. Mbwa hana hesabu. Analinda kahawa iliyoanikwa na miraa iliyo mtini kule Nyambene, lakini mwizi ambaye hakuja haandikwi kwenye daftari lolote.

Nilimpeleka Simba Embu kwa maoni tu, bila kuamua lolote. Hata hilo lilikuwa na kazi yake. Matatu haibebi mbwa. Ilibidi nikodi gari, Probox, na Simba, ambaye hajawahi kufungwa kamba shingoni ila siku za chanjo, alitapika kabla hatujaiacha Runyenjes. Nalitaja hili kwa sababu watu wa mjini hudhani kwamba kubadili daktari ni kubadili namba ya simu. Kwa mbwa wa shamba ni safari, na kwa mbwa mgonjwa safari yenyewe ni mateso. Daktari anayekuja bomani ana ubora ambao hakuna kliniki inayoweza kuununua, nao ni kwamba mgonjwa wake haogopi.

Yule daktari kijana hakudunga. Alimpandisha Simba kwenye mizani kwanza. Ng'ombe wa kilo mia nne ukimkadiria kwa jicho ukakosea kwa kilo kumi na tano, dozi haitaharibika sana. Mkosee mbwa wa kilo ishirini na tano kwa kiasi hicho hicho na umempa zaidi ya nusu nyingine ya dozi, au umemnyima zaidi ya nusu. Akapima joto. Akafunua mdomo, akabonyeza ufizi, akatazama damu inarudi kwa upesi gani. Akapapasa tezi za shingo na za nyuma ya magoti. Akauliza maswali ambayo sikuwa nimewahi kuulizwa: kupe tunawaondoaje, mara ya kwanza kuugua ilikuwa lini, alipewa dawa gani na kwa siku ngapi. Hatimaye akasema, "Sijui bado, mwalimu. Tutoe damu."

Nilikaa na maneno hayo njiani wakati wa kurudi. Katika miaka yote ya kufuga, hakuna daktari aliyewahi kuniambia kwamba hajui. Nami nisingependa kuyasikia, kwa sababu ninapolipa nataka jibu, na sindano ni jibu linaloonekana kwa macho. Nadhani sisi wafugaji tumewafunza madaktari wetu kudunga upesi. Anayekuja akatazama, akaandika, akasema tungoje majibu ya damu, tunamwona hajafanya kitu na tunamlipa kwa manung'uniko. Anayedunga tunamwita hodari.

Damu ilionyesha erlikia. Ni kijidudu kinacholetwa na kupe, kinachojificha ndani ya chembe nyeupe za damu. Tetrasaiklini hukikandamiza, ndiyo maana kila sindano ilimnyanyua Simba. Lakini sindano moja haikimalizi. Kinahitaji doksisaiklini ya vidonge kila siku, kwa muda wa wiki nne hivi. Ugonjwa mwingine wa kupe, babesia, humfanya mbwa alale vile vile na kupauka vile vile, ila huo unavunja chembe nyekundu, mara nyingi mkojo unakuwa na rangi nzito, na dawa zake ni nyingine kabisa. Mbwa mmoja anaweza kuwa na yote mawili kwa pamoja. Kwa macho matupu mtu hubahatisha. Tone la damu kwenye kipande cha kioo, rangi kidogo na darubini, pamoja na kipimo cha haraka cha erlikia, hupunguza kubahatisha huko.

Na hapa kwetu hatuna udhuru wa kuudharau ugonjwa wa kupe. Mnyama aliyeifanya Meru ijulikane duniani kote, simba jike Elsa, hakufa kwa mshale wala kwa pembe ya nyati. Joy na George Adamson walimlea tangu akiwa mtoto, wakamrudisha porini katika nchi ambayo sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Meru, na mwezi wa Januari 1961, akiwa na miaka mitano hivi, aliugua akafa. Uchunguzi uliofanywa baada ya kifo ulikuta babesia. Alizikwa kando ya mto Ura. Simfananishi Simba wangu na Elsa. Ninachofikiria ni kwamba jina la ugonjwa lilipatikana wakati halina kazi tena, na kwamba katika maboma yetu mbwa wengi huzikwa chini ya migomba bila hata jina hilo kupatikana. Tunasema alirogwa, au alikula panya mwenye sumu, au alikuwa mzee.

Basi ningempimaje daktari? Kipimo tunachotumia wote ni kupona: alimtibu, akapona, ni daktari mzuri. Nimekichoka kipimo hiki. Wanyama wengi wanaougua hupona wenyewe, na mbwa ambaye angeamka Alhamisi bila kuguswa, akidungwa penisilini na vitamini siku ya Jumatano, kijiji kizima kitamwona daktari kuwa ndiye aliyemwamsha. Upande wa pili, mtoto wa mbwa mwenye ugonjwa wa parvo anaweza kufa mikononi mwa daktari bora kuliko wote, akiwa na dripu mguuni na mtu amekesha naye. Ukimkimbia daktari kwa sababu mbwa amekufa, unaweza kuwa umemkimbia aliyefanya kila kitu sawasawa; ukibaki naye kwa sababu mbwa amepona, unaweza kuwa umebaki na bahati tu. Cha kutazama ni yale yaliyofanyika kabla ya sindano. Alimpima uzito? Alimshika? Aliuliza? Aliandika? Akikwama, je, yuko tayari kusema nenda kwa fulani?

Kwa kipimo hicho, jengo lenyewe si hoja. Kliniki zinazofunguliwa mijini huja na shampuu za kutoka nje, mikanda ya rangi na picha za mbwa wa Kizungu ukutani, na mtu anaweza kuzichukua hizo kuwa ndiyo elimu. Aliyesoma vizuri anaweza kufanya kazi nzuri chini ya mwembe. Kuna jambo moja hata hivyo ambalo mteja ana haki ya kulijua bila kuona haya. Sheria ya mwaka 2011 inatenganisha daktari wa mifugo, aliyesoma shahada ya miaka mitano, na mhudumu wa afya ya mifugo mwenye cheti au diploma, kama wale wanaotoka Kabete, Nyahururu au Ndomba pale Kirinyaga. Wote husajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, na kila mmoja ana mipaka ya kazi yake. Vijijini wote tunawaita daktari, na mzee wangu ni mmoja wa hao wa diploma. Kwa kuzalisha ng'ombe na kumpandisha, simjui wa kumshinda. Nikitaka Popi ahasiwe kwa ganzi na tumbo la mbwa jike wa jirani lifunguliwe na kufungwa, hapo elimu nyingine inahitajika, na kulisema hilo si kumvunjia heshima.

Chanjo ndiyo iliyonifanya nitafakari zaidi ya ua wangu. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka kwa makadirio yanayotumika sana, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na dalili zikishaanza hakuna kurudi. Kenya ina mpango wa kukimaliza kati ya 2014 na 2030, na msingi wake ni kuchanja mbwa saba katika kila kumi. Katika hili mzee wangu hana deni: kila mwaka anapita boma kwa boma na chupa yake ya barafu, na watafiti waliofanya kazi Tanzania walionyesha mwaka 2016 kwamba chanjo ya kichaa waliyoichunguza hustahimili joto la nyuzi 25 hata kwa miezi sita. Chanjo ya distempa na parvo ni jambo jingine. Hiyo ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na ikipata joto hufa, ukadunga maji. Tena kinga ambayo mtoto wa mbwa hunyonya kwa mama yake huizuia chanjo isishike, hata ikabidi irudiwe kila wiki tatu au nne mpaka awe amepita wiki kumi na sita. Huku kwetu mtoto wa mbwa hupigwa mara moja, akiwa na wiki sita, na tunasema amechanjwa.

Distempa haikai bomani. Mwaka 1994 iliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na wataalamu waliufuata mkondo wake hadi kwa mbwa wa vijijini. Mwaka 2017 iliwapukutisha mbwa mwitu wa Laikipia, jirani zetu wa upande wa pili wa mlima. Mbwa wa Manyatta huingia msitu wa Irangi na wachunga ng'ombe. Mbwa wa Tharaka hufika mpaka wa Hifadhi ya Meru. Sikuwa nimefikiri hapo awali kwamba namna ninavyochanja watoto wa Popi inaweza kumhusu mnyama nisiyemjua huko porini, na sasa siwezi kuacha kulifikiri.

Niliamua. Simba na Popi wataangaliwa Embu kwa ugonjwa, upasuaji na chanjo za watoto wao. Ng'ombe na chanjo ya kichaa zitabaki kwa mzee. Dada yangu aliniambia nifanye kimyakimya, nisimwambie. Hapo ndipo nilipomkatalia kabisa. Kumwacha mtu kwa siri katika kijiji ni kumwacha mara mbili, kwa sababu atalisikia kwa mwenye Probox kabla ya jua kuchwa. Alipokuja kumtazama ng'ombe nilimngoja anawe mikono.

"Daktari, nimempeleka Simba Embu."

"Nimesikia," alisema. Akakausha mikono polepole. "Wamemkuta na nini?"

"Erlikia. Walipima damu."

Alitikisa kichwa, akafunga mkoba, hakukaa kunywa chai. Majuma kadhaa yalipita hivyo: anakuja akiitwa, anafanya kazi yake bila kasoro, anaondoka na chai iko mezani. Iliniuma, wala sikuona njia ya kuizuia isiniume. Jambo la haki linaweza kumgharimu mtu uso aliouzoea. Nisingemdanganya mtu yeyote anayekusudia kubadili daktari kwamba halitamgharimu kitu.

Kisha siku moja alisimama zizini, ameshika sikio la ndama mwenye homa, akaniuliza bila kunitazama: "Mwalimu, huyo daktari wako, darubini yake inasoma damu ya ng'ombe?"

Nilimwambia sijui, nitauliza.

"Tezi zimevimba kidogo, si sana. Ikiwa ni ndigana kali, dawa yake ni ghali, na wenye ndama wengi hawana pesa. Ikiwa ni ndigana baridi, tetrasaiklini inatosha. Miaka yote hii naangalia tu na kukata shauri. Maabara ya serikali iko Karatina. Nani atapeleka damu Karatina kwa ajili ya ndama mmoja?"

Nilimpigia yule daktari wa Embu papo hapo, nikampa mzee simu. Walizungumza muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kwa lugha ya kazi yao, yeye akimwita "mzee" na mzee akimwita "daktari". Masharti ya daktari wa Embu yalikuwa machache. Damu ipakwe kwenye kioo ikiwa mbichi, ikauke kwa hewa, na nyingine kidogo itiwe kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau. Tezi ichomwe kwa sindano, na maji yake yapakwe kwenye kioo cha pili. Viandikwe tarehe, joto la ndama na dawa yoyote aliyokwisha kudungwa, na vifike siku hiyo hiyo kabla ya saa kumi na moja, kwa sababu kliniki hufungwa.

Ndama alikuwa na ndigana baridi. Tangu siku hiyo mzee hununua vioo vyake mwenyewe, anavipeleka kwa matatu ya asubuhi vikiwa vimefungwa kwenye karatasi, na analipia kila kipimo kwa pesa za mwenye ng'ombe, ambaye sasa huelezwa bei kabla. Wengine wanakataa, anawadungia kama zamani. Namba mbili zimeandikwa kwa kalamu ya rangi nyuma ya mlango wangu wa jikoni, ya Embu ya mchana na ya mzee ya usiku. Popi atahasiwa mvua zikiisha, barabara ikikauka, na bado tunatafuta namna ya kumfikisha Embu bila kumtia hofu. Mzee amependekeza nianze mapema kumzoesha kukaa ndani ya Probox iliyosimama, mlango ukiwa wazi, akipewa chakula chake humo.